Maji ya Ukutani Ni ya Nani?

Jumatatu, 3 Juni

Koti langu la ofisini limeota manyoya. Kweli kabisa! Nimelitoa kabatini asubuhi, mabega yote ya kijivu kama paka. Nikasogeza kabati. Ukuta wa nyuma yake mweusi, madoa ya duara, mengine makubwa kama kisahani. Nikayanusa, sijui kwa nini. Harufu ya viazi vilivyosahaulika. Nikapiga chafya mara saba.

Kioo cha dirisha nacho kinatoka jasho, naona matone chini ya ukingo wa pazia. Pazia lenyewe sijaligusa tangu mambo ya yule popo.

Ukuta wenye ukungu ni wa nje, na upande wa pili ndipo Mama Pasi, dobi wetu, anapofulia. Mabeseni manne, maji kutwa nzima. Basi, jibu si hilo?

Jumanne, 4 Juni

Nimemwandikia mwenye nyumba. Kumwambia kwa mdomo nisingeweza, yule mzee akinikazia macho nasahau hata nilichojia. Barua ndiyo kazi yangu. Kumbukumbu namba moja, kichwa kimepigiwa mstari, aya tatu: unyevu, chanzo chake (shughuli za dobi), ombi la hatua za haraka. Nakala kwenye jalada langu. Nimeisukuma chini ya mlango wake nikakimbia.

Jumamosi, 8 Juni

Mungu wangu. Mama Pasi amepewa notisi. Ahame kufikia Jumapili ya tarehe 16, yeye na mabeseni yake.

Mzee amenikuta koridoni. Barua yenye namba ni kesi, kijana, akaninong'oneza. Hakutaka ifike mbele. Jina langu hakumtajia mtu, amesema tu kuna malalamiko ya maandishi. Nikajibu asante! Sikutaka kesi mimi. Nilitaka ukuta mkavu.

Na hayo si makubwa. Makubwa ni kwamba alasiri Mama Pasi kanibishia hodi.

"Karani, mwanangu, wewe ndiye mwenye kalamu humu ndani. Niandikie jibu."

Nikamwamkia mara mbili. Nikaandika. Ningefanyaje? Ana miaka kumi na moja pale nyuma. Akihama wateja hawamfuati, watatafuta dobi wa karibu. Maji yake yanakwenda mtaroni kwa bomba, hata tone haligusi ukuta. "Kaguse mwenyewe," alisema. "Mimi nikimwaga maji ovyo, nitakausha nini hapa? Miguu?" Halafu akaliona koti. Akalichukua bila kuuliza. Eti dobi akiwa na jirani mwenye koti kama lile, wateja watamcheka yeye.

Barua yake imetoka nzuri kuliko yangu. Ina hoja.

Jumapili, 9 Juni

Nimegusa. Nilingoja aende kupeleka nguo za watu, nikazunguka nyuma kama mwizi. Ukuta wa nje mkavu! Vumbi tupu kidoleni. Bomba zima, halivuji popote.

Nje kukavu, ndani kumelowa. Sasa maji yanapita wapi?

Jumatatu, 10 Juni

Kuna fundi rangi anapaka korido ya ofisi yetu. Nikamuuliza, nikajifanya ni habari ya rafiki yangu.

"Huyo rafiki yako," akasema, hata ngazi hakushuka, "analala dirisha wazi au amejifungia kama sardini?"

Akanipa dawa ya kujua. Kausha kipande cha ukuta. Bandika nailoni angavu, ziba pande zote nne kwa selotepu. Ngoja siku mbili. Maji yakiwa nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, upande wa chumba — "ni pumzi za rafiki yako, bosi mdogo."

Pumzi!

Nimeomba stoo jalada moja la nailoni. Nimelisainia.

Jumatano, 12 Juni

Mbele: matone. Nilihesabu hadi hamsini na nane, yakaanza kuungana. Nyuma: kukavu. Nimechungulia kwa tochi, pembe zote.

Labda nimekosea. Nimebandika nyingine karibu na kitanda.

Mbona jambo hili linanivuta hivi? Leo nimechemsha maji ya chai nikiwa nimekaa mbele ya nailoni kama mtu anayetazama mpira. Dakika ya sita ikawa nyeupe. Dakika ya tisa, tone la kwanza likateremka. Nilitaka kushangilia! Kisha nikatazama juu. Mashati yangu matatu, mabichi, kwenye kamba juu ya kitanda, kwa sababu nje naogopa yataibiwa. Na mimi chini yake, nikihema.

Mvua ya chumba hiki ni mimi.

Ijumaa, 14 Juni

Nailoni ya pili, majibu yale yale. Nimemweleza fundi. Akakuna kidevu, akajipaka rangi. Hata hivyo, akasema, mvuke huo ungetoka kwenye matundu ya hewa juu ya dirisha. Chumba cha rafiki yako hakina matundu?

Yapo. Manne. Mwezi wa pili popo aliingia kwa mojawapo, nikalala koridoni siku mbili. Siku ya tatu nikayaziba yote kwa karatasi nilizoharibu ofisini, nikazikandamiza kwa rula, nikashusha pazia. Nilisahau kabisa.

La. Sikusahau. Sikutaka kukumbuka.

Nimeandika barua ya kurekebisha ile ya kwanza. Kumbukumbu namba mbili. Nzuri sana — mtu ataisoma yote asijue nani kafanya nini. Nimeichana. Nimeandika nyingine. Nimeichana nayo.

Jumapili, 16 Juni

Saa nne asubuhi. Mzee ameita wapangaji wote uani. Mabeseni yamefungwa kwa kamba, yamepangwa mlangoni. Namsikia kutoka hapa: hana miwani, karani atoke, asome barua zote mbili kwa sauti ili mambo yawe wazi.

Zote mbili! Mwandiko mmoja, wino mmoja wa bluu.

Mama Pasi amekuja kuniita. Barua yake mkono mmoja, koti langu mkono mwingine. Safi! Linanukia jua. "Livae, usije ukanisomea ukiwa umejikunja hivyo." Nimemwambia dakika moja mama, naandika. Anauliza naandika nini tena na watu wanangoja. Nimemkaribisha kiti, hataki.

Ameiona nailoni. Ameifuta kwa kidole, akakitazama kidole. Akabandua pembe moja kwa ukucha, akapapasa ukuta nyuma yake. Kisha akatazama mashati yangu juu ya kitanda. Huyu maji anayajua.

Nimepanda kile kiti. Nimevuta pazia. Karatasi ya kwanza imetoka kwa tabu, upepo nyuma yake, kurasa hizi zikaanza kujifunua zenyewe. Sasa naziwekea kiwiko. Mzee anaita tena, karani! karani!

Mama Pasi ameiokota ile karatasi, ameikunjua. Anatazama mwandiko wangu, anatazama barua yake. Kumbe anaweza kulinganisha.

"Hizi zimekaa humo tangu lini, mwanangu?"

Tangu mwezi wa pili, mama. Nimelisema hilo kwa mdomo. Limetoka. Naye bado amesimama, anangoja, na lililobaki ni ile barua ya kwanza, mama, ile ya malalamiko —