Siti ya Mzee Teodori

Jumatatu, 9 Juni 2025
Baridi kali, upepo tangu alfajiri. Mzee Teodori, anayewatembelea wakulima wa ushirika wetu, amerudi kutoka Ilemba amepinda kama mtu anayetafuta sindano chini. Siti ya pikipiki imebaki ubao mtupu. Daktari kasema mgongo ukiumia tena, asipande. Mwenyekiti akanigeukia mimi! Bertilla, tafuta siti nzuri. Asipoweza yeye, utateremka wewe, leseni si unayo?
Leseni ninayo. Lakini ule mteremko wa Lyamba lya Mfipa, wa kwenda Ilemba — zile kona, yale mawe! Mwaka jana nilipita kwa gari, abiria tu, macho nimefumba njia nzima.
Siti hii lazima imfae.

Jumanne, 10 Juni
Nimezunguka maduka yote. Moja pana mno, mapaja yatakufa ganzi. Nyingine inateleza kwa mbele. Ya tatu laini sana, nilipobonyeza kidole kikagusa bati. Muuzaji akacheka: "Dada, unanunua siti au unachagua mchumba?" Sikucheka. Nimeelekezwa kwa fundi Mayunga, mtaa wa Malangali.

Jumatano, 11 Juni
Fundi Mayunga hapimi kwa futi. Anaweka mfuko wa ulezi juu ya pikipiki, dereva anakaa, ulezi unashika umbo lake, kisha anachonga sponji kufuata lile shimo. Mahindi hataki. Punje ndogo hazidanganyi, anasema. Kesho nimlete mzee.
Nitamwambiaje? Njoo barabarani, mzee, ukalie ulezi, fundi ayakague makalio yako? Naye ni katekista mzima!

Alhamisi, 12 Juni
Nilifika hadi mlangoni kwake.
"Shikamoo, mzee."
"Marahaba, binti. Unasemaje?"
Nikasema chai iko tayari. Hata jiko halijawashwa!
Saa tisa nikaisukuma pikipiki mwenyewe hadi Malangali. Fundi akauliza, dereva yuko wapi? Mimi, nikasema. Nilikuwa nimejifunga khanga tatu kiunoni ili niongezeke. Aliona. Akaniambia tu nilegee, nimekaza mpaka shingo.

Jumatatu, 16 Juni
Siti imekamilika. Nyeusi, mshono mwekundu. Mzee Teodori alizunguka soko mara moja, akarudi ameshika kiuno. "Binti, hapa kuna mtu ameshakaa. Na si mimi."
Akaniambia nipande nijaribu. Nikapanda. Nilizama mahali pangu kabisa, kila upande umenishika. Mzee akanitazama, akatazama siti, akaanza kucheka huku akilalamikia mgongo. "Ungeniita tu, mwanangu. Ningekaa."
Ningekaa!
Mwenyekiti alikuwa dirishani. Hakukasirika, alisema tu kesho nateremka mimi. Bora angekasirika.

Jumanne, 17 Juni
Saa nne. Nimesimama juu ya mteremko, daftari juu ya tangi. Mwandiko mbaya, upepo unapindua kurasa. Ilemba iko huko chini, kwenye vumbi. Wakulima wameambiwa nafika saa sita.
Asubuhi Mzee Teodori alinifunga helmeti mwenyewe. Shuka na gia ya kwanza, akasema, breki ya mbele usiiguse kwenye kona. Kisha akanipa sweta lake.
Tangu Sumbawanga hadi hapa nimekuwa nikitafuta panapouma. Mgongo, kiuno, paja — popote, nipate sababu ya kugeuza. Hakuna. Hata kidogo!
Lori linapanda, linapiga honi kona ya kwanza. Naliacha lipite. Likishapita, nashuka.