Kaniki Kichwani Mpaka Cheyo

Mtani wangu Kondo,

Mvua ya kwanza ilinyesha jana mchana, na sufuria zetu zote zilikuwa jikoni, mahali pake. Najua ungeuliza mvua zilizopita zilikuwa wapi, kisha ungecheka kabla sijajibu. Subiri, nitakueleza kwa utaratibu. Ulizoea kusema kwamba mimi hata nikiombwa maji huanza na historia ya kisima.

Unaukumbuka mwaka niliostaafu. Nilikuwa nimefundisha saikolojia chuo cha ualimu miaka mingi, nikiwaeleza vijana jinsi akili ya mtu inavyomchezea mwenyewe. Kiinua mgongo kilipoingia benki, akili yangu ikanichezea wiki ileile. Nilitaka gari. Gari dogo jeupe la kunitoa nyumbani Cheyo kunipeleka Kanyenye, mwendo ambao baiskeli yangu iliumaliza kabla jasho halijanitoka. Sababu nilikuwa nazo tele: mvua, magoti, wageni, dharura. Leo najua kwamba sababu zikizidi hivyo, ile ya kweli huwa haimo.

Nililitangaza jambo hilo kwenye benchi la kahawa, Kanyenye, mbele ya wazee wenzetu, nao wakanipongeza. Nyumbani mke wangu alikuwa amenyamaza, na wanangu pia. Nani amwambie mwalimu? Wewe peke yako ulikuwa na ruhusa. Mzaramo hadaiwi adabu na Mnyamwezi. Babu zetu walilimaliza jambo hilo njiani, enzi za misafara, walipolala kambi moja wakagawana maji.

Uliweka kikombe chini, ukawaambia wazee, "Babu yake huyu alibeba pembe ya ndovu miezi mitatu mpaka kwetu Pwani. Tukampa upande wa kaniki, kitambaa cheusi tu. Akarudi kwao anatembea kifua mbele, kijiji kizima kikatoka kumtazama. Sasa mjukuu naye anaitaka kaniki yake, ila yeye anataka yenye magurudumu."

Benchi zima lilicheka mpaka kahawa ikamwagika. Nikakujibu kwamba babu yako alikaa tu chini ya minazi akingoja kula jasho la wenzake. Ulikubali bila ubishi, ukasema ndiyo maana Wazaramo hawaumwi migongo. Kisha ukaniinamia, ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Mpagazi, kama hakuna mtu hata mmoja hapa Tabora atakayekuona ndani ya hilo gari, bado unalitaka?"

Nilikasirika. Nikapanda baiskeli nikaondoka, na kahawa yangu ukailipia wewe. Njiani nikajaribu kujiona ndani ya gari lile katika mji usio na watu. Nilipofika Cheyo nilikuwa silitaki tena, na nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu.

Swali lako nimelitafakari sana tangu siku hiyo. Mtu akinunua kitu hununua pia picha yake mwenyewe akiwa na kitu hicho, na mara nyingi picha ndiyo iliyo ghali. Simlaumu babu yangu. Mpagazi aliyefika Pwani akarudi salama alistahili kutazamwa. Lakini macho ya watu hukukalia siku tatu tu, kisha yanahamia kwa mwingine, nawe unabaki na kitu chenyewe, kinataka mafuta.

Wewe hukulipata hilo kitabuni. Siku tuliyorudi na treni kutoka msibani Igalula ulinisimulia nyumba uliyoijenga Kisarawe kwa mafao yako ya reli: vyumba vitano na madirisha ya vioo, ili watu wa kwenu wajue kwamba hukupotelea bara. Wakajua. Siku hizi wanalala popo. "Mimi kaniki yangu ina vyumba vitano," ulisema, ukageukia dirisha. Ndipo nilipoelewa kicheko chako cha Kanyenye kilitoka wapi.

Mimi nikanunua mizinga ya nyuki, nikaitundika katika pori la nje ya Igalula, na pesa ya asali nikaipa jina: pesa ya paa. Ulinicheka, unaipaje pesa jina kama mbuzi? Lakini pesa isiyo na jina huitikia kila anayeiita. Ukishaipa jina, nawe unaona haya kuipeleka kwingine. Msimu baada ya msimu mke wangu, Mama Milembe, alipanga sufuria chumbani kukinga matone, akizitambua moja moja kwa mlio wake, akingoja. Mwaka huu pesa ya paa ikatimia.

Lakini wewe ulikuwa umeshatutoka. Siku ya mazishi nilitimiza wajibu wa mtani: nikavaa kofia yako, nikatembea mwendo wako wa kuchechemea, nikazuia jeneza mlangoni nikidai kwanza pembe ya babu yangu. Binti yako Mwanahamisi alicheka huku machozi yanamtoka. Nilidhani nimemaliza. Kumbe huzuni nayo ina mkono wa kununua. Miezi ilipopita nikaenda makaburini, nikakuta mchanga wako umeshuka na majani yameota. Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa fundi. Akanichorea kaburi la marumaru lenye nguzo nne, na chini yake maandishi: kutoka kwa mtani wake, yakifuatiwa na jina langu kamili. Bei yake ilikuwa pesa ya paa yote. Nikajiambia paa litangoja, kana kwamba wewe ndiye uliyekuwa na haraka.

Nilimwonyesha Mama Milembe. Alitazama mchoro, akatazama dari, akasema, "Basi acha nizioshe sufuria."

Nikaupeleka mchoro kwa Mwanahamisi, nikitegemea shukrani. Aliukagua muda mrefu.

"Shikamoo kwanza, baba, nisije nikapata laana," alisema. Nikaitikia marahaba. "Haya, sasa sikiliza, mpagazi. Tukilifuta hili jina lako hapa chini, na Tabora nzima isijue nani kalijenga, bado unalijenga?"

Mtani, niliukunja mchoro. Nilijua kwamba utani hurithiwa, na bado nilidhani kwamba umeondoka na swali lako. Kumbe ulikuwa ukiwasimulia nyumbani kisa changu kila Ramadhani. Kisha binti yako akaniambia kwa upole kwamba uliusia jiwe moja tu, na kwamba nyumba inayovuja ya rafiki yako isingekupendeza hata huko uliko. Nilipoinuka akanitoza faini: nikanunue upande wa kaniki Kanyenye, niubebe kichwani mpaka Cheyo, kwa miguu, mchana kweupe.

Nilitii. Mwenye duka alitaka kuniwekea kwenye mfuko, nikakataa, nikajitwisha. Wazee wa kahawa walisimama wote.

"Mwalimu, watoka wapi?" mmoja aliniuliza.

"Pwani," nikamjibu, nikapita.

Paa tumeliezeka. Jana mvua ilipoanza, Mama Milembe alikaa kitandani kusikiliza, kisha akalalamika kwamba nyumba imekuwa kimya mno. Kaburi lako tumelipalilia, mimi na Mwanahamisi, na jiwe lako lipo. Pumzika, Kondo. Nilitembea kifua mbele, watu walitoka madukani kunitazama, na kaniki yangu niliipata kwa bei ya kitambaa tu.

Mtani wako,
Mpagazi