Kivinjari Kilisema Nane

Jumanne, Tabora

Na bado naona aibu. Mwalimu Pili alikuja na laptopu aliyouziwa na Mzee Saidi, fundi ninayepakana naye kibaraza. Nikafungua humo ule ukurasa nilioutengeneza, unaosoma vifaa vya kompyuta kupitia kivinjari. Ukaandika: RAM 8, yaani kumbukumbu ya GB nane.

"Mbona mzee aliniambia kumi na sita?" mwalimu akauliza.

Sikufikiri. Nikasema kwa sauti, kibaraza kizima kikasikia: "Umepigwa, mwalimu."

Mzee Saidi aliivuta laptopu kwake. Alichukua bisibisi, akafungua kifuniko cha chini, akanionyesha vipande viwili vya RAM, kila kimoja nane.

Baadaye ndipo nikasoma maelezo ya kivinjari ambayo nilipaswa kuyasoma kabla ya kutengeneza ule ukurasa. Kivinjari ninachotumia hakitaji zaidi ya nane, kwa makusudi, ili tovuti zisimtambue mtu kwa mashine yake. Hata ingekuwa thelathini na mbili, kingesema nane. Na mimi nilikiamini kuliko...

Jioni nilimpitia. "Shikamoo, mzee."

Kila siku huitikia kabla sijamaliza. Leo aliendelea kukaza skrubu, kisha akasema, "Kaiulize kwanza kompyuta yako kama nipo."