Mahari Iliyouzwa kwa Bango

Temeke, Dar es Salaam
Mwezi wa Ramadhani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ni mwanao Mwajuma, mzima wa mwili, ila moyo sina hakika nao. Mguu wako unaendeleaje? Dawa ya kuchua niliyompa shangazi akuletee imekufaa, au imekuwa maji matupu? Na kikohozi cha Baba kimepungua? Nijibu kweli, usinifiche kama nilivyokuwa nikikuficha mimi.

Uliniuliza katika barua yako mbona siku hizi sitaji kazi yangu ya kupiga picha. Sikukujibu, maana kamera sina. Mume wangu kaiuza.

Ndiyo, kamera ile ile. Unakumbuka nilivyochekwa siku ya posa? Wenzangu wanataja kitanda na cherehani, mimi nikataja kamera. Bakari akaileta, shekhe akaitaja mbele za watu, nikaozwa. Tulipofika huku yeye akafungua kibanda chake cha picha za pasipoti, nami nikawa naingia ndani kwa wanawake, kwenye kumsinga bibi harusi kwa liwa na manukato, ambako mpiga picha wa kiume haweki mguu. Temeke nzima ilikuwa ikiniita.

Mwezi wa Rajabu alirudi kutoka Kariakoo anachekacheka. Kwenye duka la wakala mmoja wa kamera za ng'ambo wamebandika bango: kamera mpya, inajilenga yenyewe, inavuta filamu yenyewe. Wakala akamwapia kwamba itafika kabla ya Shaaban, na atakayetanguliza fedha ndiye atakayeipata kwanza. Kamera yake Bakari ilikuwa kuukuu, hakuna aliyeitaka. Yangu niliitunza kama yai, basi ndiyo iliyopata mnunuzi. Aliniambia ilipokwisha kwenda, tena kwa furaha, eti alitaka kunistukiza.

Haikufika. Wakala akasema iko melini. Kabla hatujaiona hiyo meli, duka la mkabala, linalouza kamera za kiwanda kinachoshindana na hicho, nalo likabandika lake: ya kwao inaandika mpaka tarehe juu ya picha. Nayo iko njiani. Bakari akawa hajui angoje ipi, na wapiga picha wenzake wote vivyo hivyo. Mama, enzi za foleni tulipanga mstari kwa sukari tuliyojua haitatutosha, lakini sukari yenyewe ilikuwepo. Leo milango ya biashara imefunguliwa, tunapangia foleni mabango.

Nikajifunga kanga nikaenda Kariakoo mwenyewe. Muuzaji wa duka lile la kwanza, mtu mzima, akanitazama kwa huruma. "Dada, mie nikufiche nini? Hiyo kamera huko kwao hawajaimaliza. Wametangaza ili nyie msinunue ya wenzao. Na wenzao nao wamefanya hivyo hivyo."

"Na nyie mnajua?"

"Sie tunauza tu, sista."

Nilimweleza Bakari. Akasema ninaleta nuksi, nivute subira, mvumilivu hula mbivu. Nikamwambia mbivu zenyewe hata kupandwa bado.

Shaaban ikaingia, harusi zikafuatana, si unajua watu wanavyowahi kabla ya mfungo. Niliwakatalia wote walioniita. Mama mmoja wa Tandika, aliyeniagiza zamani kwa ajili ya harusi ya binti yake, akanionea imani, akasema njoo basi uwe mgeni tu. Nikaenda. Bibi harusi amekalishwa mkekani, anasingwa, vigelegele vimejaa chumba, nikasikia mlio wa kamera na nikaujua. Kugeuka, nikamwona mke wa mpiga picha wa Mtoni kaishika kamera yangu, na mkanda wake ule niliousuka kwa mkono wangu. Kumbe mumewe ndiye aliyeinunua. Mwanamke mwenyewe hajui lolote. Akaniambia kwa adabu, "Dada'ngu, hebu sogea kidogo, unamziba bibi harusi."

Nikasogea. Uchungu ule sijapata kuuona, Mama. Hata wa kuzaa nilijua una mwisho.

Juzi kamera imefika, ile ya bango la kwanza. Imefika mwezi ambao hakuna anayeoa. Baada ya kufuturu Bakari akaniwekea boksi mbele yangu. "Haya, yako hiyo. Bora mara kumi kuliko ile."

Nikamwuliza, "Nani shahidi kwamba ni yangu?"

Sikuigusa. Asubuhi akaichukua akaenda nayo kibandani kwake.

Sasa nakuomba, zungumza na baba mdogo aliyesimama shahidi wa ndoa yangu, aje baada ya Idi. Haji kunichukua, wala sitaki talaka. Bakari hanywi, hanipigi, ila anaamini bango kuliko mkewe, na hilo limenichosha. Baba mdogo aseme mbele yetu kwamba kamera ile ilikuwa mahari yangu, haikuwa mali yake ya kuuza. Kisha ama irudi ile, hata kama imechakaa, ama hii mpya itajwe yangu mbele za watu. La sivyo nitabaki kuwa mgeni kwenye harusi za wenzangu.

Mpe Baba shikamoo yangu, na bibi mzaa baba. Shangazi aliyenicheka siku ile, akaniambia bora nitaje kitanda, mwambie alisema kweli, kitanda hakibebeki kwa siri.

Na mdogo wangu Rehema mbusu. Nimesikia posa yake imepokelewa. Mwambie ataje mahari aitakayo, asiwaonee haya. Lakini asiitikie ndoa mpaka ameishika mkononi, na akishaishika aitie sandukuni, ufunguo alale nao yeye.

Mwanao wa kwanza, anayekukumbuka kila adhana ya magharibi,

Mwajuma