Gari Lililotusonya

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 9 Juni

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la kazini kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Bibi mgongo unamsumbua asubuhi tu. Ikifika jioni anapata nguvu za kutugombeza sote. Leo nimeamua kukueleza yote bila kuficha, hata lile ambalo Mama amesema si lazima ulijue.

Barua yako ya kuagiza gari liuzwe tuliipata. Mama aliisoma, akaikunja, akarudi kwenye cherehani. Nilijua anawaza nini. Bila gari, zile sare anazozishonea shule zitafikaje? Robota la sketi hulibebi kichwani ukavuka nalo mji. Lakini aliniambia, “Neno la baba yako limeshatoka, basi.” Jirani yetu Mzee Miwani, uliyemkubalia alinunue, alikuja siku ileile kuligongagonga kama anayechagua tikiti maji.

Ule mlio wa gari uliokufanya uamue kuliuza unaukumbuka: sssss, mrefu, tangu injini inapowaka. Bibi akikaa kiti cha nyuma alikuwa akilalamika kwamba gari hili halikulelewa, linawasonya wakubwa. Wewe ulidhani ni rejeta. Fundi wa pale kona, tunayemwita Kifua kwa vile hutembea akikitanguliza, alisema ni gasketi, injini yote ifunguliwe. Ndipo ulipokata tamaa.

Mimi kilichonisumbua ni kwamba gari lilisonya hata asubuhi, injini ikiwa baridi kama jiwe. Kama ni mvuke wa rejeta, utatoka wapi maji hayajapata moto? Nikatia alama kwenye kopo la maji ya rejeta. Hayakupungua hata kidogo. Nikamuuliza Mama kama kuna kingine kilichobadilika. Akasema pedali ya breki imekuwa ngumu, ila yeye alidhani ni miguu yake imechoka na cherehani. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Huyo ndiye Mama: gari linaugua, yeye anaulaumu mguu wake.

Jumatano nilimwomba aliwashe. Nilifunga nywele, nikakunja mikono ya sweta, nikachukua kipande cha mpira wa kumwagilia bustani. Ncha moja niliiweka sikioni, nyingine nikaitembeza juu ya injini, mbali na feni na mkanda. Bibi alitoa kiti chake nje, akawatangazia majirani kwamba mjukuu wake analipima gari mapafu. Mzee Miwani naye akaja, akaniambia nikimaliza kulitibu gari nimtibie na mbuzi wake. Mama alimjibu kutoka dirishani kwamba amlete mbuzi mwenyewe, maana mgonjwa hapimwi kwa kusimuliwa. Baba, sijawahi kumsikia Mama akimjibu mtu hivyo!

Kwenye rejeta, kimya. Kwenye gasketi, kimya. Nilipofika kwenye ule mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda kusaidia breki, sikio nusura lizibe. Nikampa Mama ishara akanyage breki, mlio ukabadilika. Nikadondosha maji ya sabuni hapo. Povu likanyonywa ndani, gari likanyamaza kidogo, kisha likaanza tena. Hewa ilikuwa haitoki, Baba, ilikuwa inaingia! Ndiyo maana hakuna aliyeona kitu kikivuja.

Kifua aliitwa. Alijaribu mwenyewe kwa sabuni, akasema mbele ya watu wote kwamba angeifungua injini ya watu bure. Akaweka mpira mpya na klipu zake, akamkanyagisha Mama breki mpaka akaridhika. Sasa gari linakoroma kama paka aliyeshiba. Jana Mama alipeleka sare, na aliporudi alipita nyumbani kwa Mzee Miwani polepole, vioo vimeshushwa, ili asikie vizuri kwamba hakuna cha kusikia. Mimi nilikaa mbele, nikashindwa kuuficha uso wangu. Najivuna, Baba, nisamehe, lakini najivuna.

Sasa lile lililobaki. Ule mpira wa zamani ulikuwa na ufa, na juu ya ufa palizungushwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, umefungwa kwa fundo na kulegezwa na joto. Hatukuuliza ni kazi ya nani. Mguu wa meza yetu, mpini wa jembe, mkongojo wa Bibi, vyote umevifunga kwa fundo hilohilo. Mama aliukata haraka akautia mfukoni, akanikataza kukuandikia, eti aliye mbali haongezewi mzigo. Kifua alisema tyubu si dawa ya breki, ingawa fundo lenyewe alilisifu. Sikuandikii kukushtaki. Nimekuandikia kwa sababu injini haikuwa na kosa lolote, na ulitaka kuliuza gari kwa kosa ambalo halikuwepo.

Ila Mzee Miwani sasa analitaka kuliko mwanzo. Anasema ahadi ni deni, na Jumamosi ijayo atakuja kulichukua. Mama hasemi ndiyo wala hapana. Anasema neno ulilitoa wewe, ni wewe wa kulirudisha, yeye hatakuvunjia heshima mbele ya jirani. Lakini marobota ya wiki ijayo ameshayapanga kwenye buti la gari.

Bibi anakusalimu na anasema ule ushibe. Mama anakusalimu zaidi ya anavyosema. Nami ni binti yako wa kwanza, ninayekupenda na kukuuliza kwa adabu, nikiomba jibu kabla ya Jumamosi: Mzee Miwani tumwambie nini?