Loliondo Iliyokatwa Juu ya Chemchemi

Jumapili, nyumbani kwa Mama. Baridi, manyunyu tangu asubuhi, na Mlima Meru haujaonekana kabisa. Chakula kimenishinda.

Naona aibu.

Nilipanda jana kutoka Engutoto ninakoishi, kuja kumwona Mama. Nyuma ya banda la ng'ombe nikakuta mbao mbichi za loliondo, zimefunikwa majani ya migomba. Mti huo ni marufuku kuukata msituni kwetu. Mdogo wangu Eliya akacheka. "Si wewe dada uliyesema milango ya Mama imeoza? Hiyo hapo milango."

Ni kweli nilisema. Nimemsumbua sana kwa simu kuhusu hiyo milango. Basi nikanywa chai yake.

Leo baada ya ibada, kamati ya msitu ya kijiji iliita mkutano. Loliondo ile ilikuwa juu ya chemchemi, pale mfereji wetu unapoanzia. Mwenyekiti wa kamati, Mama Anaeli, alisema miche ambayo akina mama walipanda kuizunguka chemchemi imevunjwa yote na mti ulipoanguka.

Kisha mtu akamtaja Zakaria. Ana mizinga ya nyuki huko juu, kwa hiyo ndiye anayeonekana njia ile kila mara. Hakuna aliyemwona akikata. Jina tu likatosha.

"Mimi? Nikate mti ambao nyuki wangu wanautegemea?" aliuliza, akitutazama mmoja mmoja. Eliya aliinamisha kichwa. Mimi nikajifanya namrekebishia Mama, aliyeketi kando yangu, shuka lake mabegani.

Kamati ikamzuia kuingia msituni, na asali yake iko karibu kuvunwa.

Nilikaa kimya.

Nafasi nilikuwa nayo. Mama Anaeli aliuliza kama kuna mwenye neno. Nikamfikiria Eliya, wanawe, jina letu kanisani. Zakaria sikumfikiria, mpaka nilipomwona mkewe akiondoka peke yake na wanawake wenzake wakimkwepa.

Baada ya mkutano nikamwambia Eliya twende wote tukaseme ukweli. "Ukisema, usiniite tena mdogo wako," akajibu.

Nikaenda peke yangu. Mama Anaeli alinisikiliza hadi mwisho, hakunifokea. "Zakaria amesemwa mbele za watu," aliniambia. "Na wewe utasema mbele za watu. Kesho."

Kutoka pale nikapita kwa Zakaria. Nikamwomba msamaha pale mlangoni. Alinisikiliza amesimama. Hakunikaribisha ndani.

"Nilikuona, dada," alisema. "Nilipouliza, ukatazama pembeni. Nikajua unajua."

Alijua, na bado hakunitaja.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Yeye alinitunzia heshima yangu mbele ya kijiji kizima, wakati mimi niliiacha yake ikanyagwe.

Eliya amejifungia chumbani kwake. Mama nimemweleza yote. Alilia kidogo, akapangusa uso, akaniomba nimpigie pasi gauni lake la kanisani. Kesho tunakwenda wote wawili.

Nitaanzaje kusema? Sijui. Labda nianze na jina langu.