Rumba ya Mraba

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Na bado nasema mguu wangu wa kulia ndio unaorudi nyuma kwanza, hata Otieno akibisha mpaka kesho. Mume wangu! Nikiandika hivyo natabasamu peke yangu. Waltz tumeishika. Cha-cha-cha ananikanyaga, namsamehe. Rumba ndiyo aibu. Tulidhani tunaijua, tumeicheza harusini tangu utotoni, mabega na kiuno. Mwalimu Hamisi, muuza vitambaa aliyewahi kucheza hotelini Mombasa, alitucheka. "Hiyo ni yenu. Yangu ina mraba." Akauchora kwa chaki sakafuni mwa duka. Nyuma, kando, funga. Ngumu! Na Jumamosi ndiyo mashindano ya dansi ya wanandoa Homa Bay.

Alhamisi, 8 Agosti
Balaa. Tulikuwa tunafanya mazoezi sebuleni, viti tumevipandisha juu ya meza, mkono wa Otieno mgongoni mwangu. Mlango wazi. Mama mkwe akatokea, kuku kwapani, ametoka Uriri kutuona. Kwao mama hatazami mwanawe akimshika mkewe. Akageuka papo hapo. Hakuketi. Hakunywa hata maji. Alisemea uani, mgongo kwetu: "Nyar Asumbi, bi harusi hachezewi hivyo mbele ya watu. Homa Bay hamwendi." Ananiita binti wa Asumbi, kwa jina la kwetu, kama wote hapa. Leo jina hilo liliniuma.
Akaondoka na kuku wake.

Ijumaa, 9 Agosti
Otieno anasema tuache kwanza. Nampenda hata akiwa mwoga, lakini nimekasirika. Nimemwambia nitaenda. Nitasimama ukumbini nirudi nyuma peke yangu, bila mtu mbele yangu. Aibu gani? Nimeolewa! Mama mkwe alitaka nishikwe na nani?
Chakula hakikuliwa.

Jumapili, 11 Agosti
Jana asubuhi nilikuta viatu vyangu mlangoni, vimepigwa rangi vinang'aa. Vya Otieno kando yavyo. Mpenzi wangu!
Ukumbini shangazi yake alikuwa mstari wa mbele, mikono kifuani. Alitumwa na mama mkwe, najua. Waltz ilikwenda kama maji. Rumba ikaanza, Otieno akaanza mabega! Nikamnong'oneza, "Mraba, baba, mraba." Akacheka, akarudi ndani ya mraba. Nilicheza kichwa juu, nikamtazama shangazi kila tulipogeuka. Aende akaseme.
Hatukushinda chochote. Sijali.

Jumatano, 14 Agosti
Mvua tangu asubuhi. Wifi yangu Atieno amefika kutoka Uriri na kuku yule yule. Mama hakutuma salamu. Ameuliza jambo moja tu: je, tulianguka?
Hatukuanguka.
Kuku nimemfunga jikoni. Simchinji. Otieno anapiga mluzi huko uani, anadhani simsikii.
Kabla mwezi huu haujaisha nitaenda Uriri nimjibu mama mwenyewe. Msamaha siombi. Nitabeba sukari na majani ya chai. Na vile viatu vya dansi.